Waya mpya au kutu ya zamani? Nilichoongea barazani kuhusu waya za redio

Jumapili iliyopita wenzangu tunaokutana hapa Dar kusikiliza santuri waliniomba niongee kidogo kuhusu waya, kijana mmoja akanirekodi na simu, sasa watu ambao hawakuwepo wanaulizia, kwaiyo nimeandika kama nilivyoongea, nimetoa tu sehemu nilizokohoa na pale adhana ilipopita tukanyamaza.

Wazee wangu shikamooni, vijana mambo vipi, na mama mwenye nyumba asante sana kwa kutuvumilia na makelele yetu kila wiki. Mi sio mtu wa hotuba jamani, mi fundi, nimezoea kukaa nyuma ya meza na pasi ya kulehemu, kwaiyo mkiniona naongea huku nashikashika vitu msishangae, mikono ikikaa bure na mdomo unafunga.

Swali mliloniletea ni kwamba ukibadilisha waya za redio yako ya nyumbani, sauti inabadilika kweli au watu wanajidanganya. Mi nasema inabadilika, tena mara nyingi tu. Ila kinachobadilika mara nyingi sio kile ulichokilipia.

Pokeeni hiki kipande mpitishe, kila mtu akiangalie. Nje plastiki safi kabisa, ile ya kuonyesha, na ndani mnaona rangi gani? Kijani. Kijani kama mchicha uliokaa jikoni tangu jana. Hiyo ni shaba ndugu zangu, ilikuwa nyekundu inang'aa siku iliponunuliwa. Nimeitoa Kigamboni kwa mzee mmoja ambaye nyumba yake na bahari zinatazamana, akifungua dirisha chumvi inaingia ndani kama mgeni aliyealikwa. Huyu mzee ana amplifaya nzuri ya zamani ya Kijapani na spika mbili kubwa za mbao, mziki wake ni dansi la zamani tu, magita yale, solo, ridhimu na besi kila moja imekaa mahali pake. Basi ikafika siku spika ya kulia ikaanza kupiga kama ina mafua, trebo, zile sauti nyembamba za juu, imekufa, mara inakata mara inarudi. Mtoto wake anakaa Dubai, akamwambia baba shida ni waya, ntakuletea waya. Ikaja waya nene kama kidole gumba, imevalishwa nyavu nyeusi, iko ndani ya boksi lina kitambaa, mi nimeona saa za mkononi zinauzwa kwenye boksi baya kuliko lile. Bei sitaitaja maana mke wake anaweza akasoma haya.

Akaifunga mwenyewe. Akanipigia simu usiku, fundi, njoo usikie, nimepata redio mpya! Na alikuwa anasema kweli, nilienda nikasikia, sauti imerudi, gita la solo linasikika mpaka kucha za mpigaji. Yule mzee akawa mhubiri wa waya, kila anayekutana naye kwenye pantoni anamwambia kuhusu waya ya Dubai. Mi nikanyamaza, sikuwa na cha kubishana, masikio yangu yalikuwepo.

Haukuisha mwaka akapiga tena. Fundi, mafua yamerudi.

Nikaenda, safari hii na kisu, msasa mlaini wa maji na kopo la ile dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti. Kwanza nikamuuliza ile waya ya zamani uliitupa? Akasema hapana iko stoo. Nikaitoa, ndo hiyo mnayopitisha, nikakata vidole viwili kila mwisho, nikamenya, nikakwangua na kisu mpaka wekundu ukatoka, nikasugua zile nati za nyuma ya amplifaya na za nyuma ya spika maana zilikuwa zimeshaota ukungu mweupe, nikakaza, nikawasha. Redio mpya! Waya ya mchicha! Mzee akakaa kimya akaangalia ile boksi yenye kitambaa, akasema fundi usimwambie mtoto.

Sasa hapo ilitokea nini. Huo ukijani ulio katikati ya waya, kwenye urefu wake, wala haukuwa tatizo kubwa, umeme unapita kwenye shaba iliyobaki chini yake bila shida. Ubaya uko mwishoni, pale waya inaposhikana na chuma cha nati au na kile kibanio cha spika. Pale ukiweka utando wa kutu katikati, mguso unakuwa wa kubahatisha, leo unapitisha kesho unapitisha nusu, na ukiongeza sauti unakwaruza. Na ukibadilisha waya, hata kama hujui unachofanya, lazima ulegeze nati, utoe ya zamani, uingize shaba mpya isiyo na kutu, ukaze upya. Yaani umefanya usafi bila kujua kama umefanya usafi, alafu sifa zote zimeenda kwa waya. Sisi watu wa pwani hii kitu inatupata kuliko watu wa Dodoma, chumvi na unyevu haviachi kitu, muulize yeyote wa Tanga au Unguja mwenye redio dirishani.

Kwaiyo ushauri wangu wa kwanza, na ni wa bure. Kabla hujatoa hela zima kila kitu, chomoa kutoka ukutani, toa waya zote, kata ncha, menya upya, kwangua, funga. Zile pini za nyekundu na nyeupe nazo zichomoe uzizungushe zungushe mara kadhaa zikiwa kwenye tundu lake, zinajikwangua zenyewe. Alafu sikiliza siku tatu. Kama bado hujaridhika ndo tuongee habari za kununua.

Sasa tuje kwenye kununua, maana kuna waya mbovu kweli, sisemi hakuna. Waya za spika zinaishi kwa unene na urefu. Basi. Shaba ina ubishi wake mdogo kwa umeme, mafundi tunapima kwa omu, na waya ikiwa nyembamba ubishi unaongezeka, ikiwa ndefu unaongezeka, na msisahau umeme unaenda na kurudi, kwaiyo spika ikiwa mita 10 kutoka kwenye amplifaya umeme unatembea mita 20.

Hii hapa ni waya iliyokuja bure na sabufa, hii nyembamba ya nyekundu na nyeusi, shaba yake ni kama milimita mraba 0.2. Kwa mita 10 ubishi wake, kwenda na kurudi, ni kama omu 1.7. Spika yako ni ya omu 4? Basi piga hesabu, spika inabaki na kama nusu tu ya nguvu ambayo ingepata, nyingine haifiki, na sehemu yake imekuwa joto la bure njiani. Sasa chukua waya ya fundi umeme, hii ya 2.5 inayoenda kwenye soketi za ukutani kwenu, kwa urefu uleule ni omu 0.14. Mara kumi na mbili chini. Hapo ukibadilisha waya sauti inabadilika na hata bibi yangu asiyesikia vizuri atakwambia imebadilika.

Na sio kwamba inapungua tu nguvu, ingekuwa hivo ungeongeza volyumu yakaisha. Spika iliyoandikwa omu 8 haiko 8 muda wote, kwenye besi fulani inapanda inaweza kufika hata 30, sehemu nyingine inashuka mpaka 6. Sasa waya nyembamba inakula sana pale spika iliposhuka na inakula kidogo pale ilipopanda, kwaiyo mziki unafika umekunjwa, besi imevimba sehemu moja na sauti ya mwimbaji imerudi nyuma. Ndo pale mtu anasema waya hii ina besi nyingi. Haina besi, ina ubishi tu.

Kuna bwana mmoja wa Marekani anaitwa Roger Russell, alikuwa mtu wa spika pale McIntosh, kampuni ya amplifaya, aliandika kanuni rahisi ambayo mi naitumia mpaka leo, kwamba ubishi wa waya kwenda na kurudi usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Spika ya omu 8, usizidi omu 0.4. Nimewapigia hesabu, waya ya 1.5 ile ya kwenye taa inakupa mpaka kama mita 17, ya 2.5 inakupa mita 29, na ile ya bure ya sabufa inakupa mita mbili na kidogo, ikizidi hapo imeshindwa. Spika ikiwa ya omu 4, kata kila namba katikati. Nani hapa sebule yake ina mita 29? Mzee umenyosha mkono? Aaa, unajikuna.

Kwaiyo kwenye spika, waya ya kawaida ya umeme yenye shaba ya kweli inamaliza kazi, hasa ile laini yenye nyuzi nyingi maana ile ngumu ya uzi mmoja ukiikunja kunja inakatikia ndani huku plastiki imesimama vilevile, utatafuta ugonjwa mpaka uzeeke.

Nimesema shaba ya kweli. Hapa naomba mnisikilize, maana hapa ndo watu wanaibiwa kuliko kwenye zile za boksi. Kuna waya zimejaa madukani ni alumini imepakwa shaba juu, kama andazi limepakwa asali. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, kwaiyo imeandikwa 2.5 lakini kazi yake ni ya 1.5 na kitu. Na ncha zake zikikaa kwenye hewa yetu ya chumvi zinaoza haraka, ukikunja mara tatu uzi unakatika. Utaijuaje? Chukua kisu, kwangua uzi mmoja. Ukikuta ndani nyeupe, alumini hiyo, mrudishie. Lakini msikimbilie kugombana na muuzaji, kuna nyingine nje ni nyeupe, imepakwa bati, ukikwangua ndani nyekundu. Hiyo ndo nzuri kwa watu wa pwani, bati linaikinga shaba na kutu, watu wa maboti wanaipenda. Mnazikumbuka hizo? Nyekundu nje nyeupe ndani, kimbia. Nyeupe nje nyekundu ndani, lipa.

Na pia uzito, shika boksi mbili mkononi, ile ya alumini ni nyepesi kama mkate wa jana.

Haya, ngoja nitoe betri. Hii betri ya kawaida ya remoti, volti 1.5, naomba mpitishe hii pia kila mtu ajaribu kwenye ile spika iliyofunguliwa wavu pale. Ukigusisha chanya ya betri kwenye nati nyekundu ya spika na hasi kwenye nyeusi, ile karatasi ya spika inaruka mbele. Ukigeuza inaingia ndani. Gusa tu na kuachia, usiishikilie. Kwa nini nawaonyesha? Kwa sababu watu wengi walioniambia waya mpya imeleta besi, au waya mpya imeua besi, nilipoenda nikakuta kati ya waya ya zamani na mpya waligeuza spika moja. Spika moja inasukuma hewa nyingine inavuta, besi zinauana katikati ya chumba, na mwimbaji aliyekuwa amesimama katikati anakuwa kama anaimba kutoka kila kona na hayupo popote. Mtu ananunua waya mpya, anafunga kwa uangalifu maana ametoa hela, safari hii kila spika iko sawasawa, besi inarudi, anasema lo, waya! Kumbe miaka 5 alikuwa anasikiliza kichwa chini miguu juu.

Sasa tufike kwenye ile michezo ya kanga. Waliowahi mliona nimetundika kanga mbele ya amplifaya, asante mama kwa kanga, imeandikwa usisafirie nyota ya mwenzio, inafaa sana. Nyuma ya kanga kulikuwa na waya mbili, moja ile ya Dubai niliyoazimwa na mzee, nyingine ya 2.5 ya fundi umeme, urefu sawa mita 4, ncha zote nimekwangua mwenyewe asubuhi. Nikawa napiga wimbo uleule dakika moja, nabadilisha, nauliza ipi hii. Mmeona wenyewe. Huyu anasema ya kwanza ina joto, huyu anasema ya pili iko wazi, babu pale akasema ya tatu ndo yenyewe na waya ziko mbili. Alafu mara mbili nilienda nyuma ya kanga nikajikuna mgongo nikarudi bila kugusa chochote, na watu wakasema hapo sasa umebadilisha kweli fundi.

Msijisikie vibaya. Mi mwenyewe nimeshadanganyika vibaya zaidi, tena nina testa mezani. Kuna siku nilitengeneza waya za RCA, zile za pini nyekundu na nyeupe, kwa mikono yangu, nimelehemu vizuri, nimesokota, nikafunga kwenye redio yangu nikakaa usiku mzima nasikiliza, nimefurahi, sauti imefunguka, natikisa kichwa peke yangu. Asubuhi nasafisha nyuma nakuta waya zangu nimechomeka kwenye tundu za kaseti, na CD bado inapita kwenye waya za zamani. Usiku mzima! Sikumwambia mtu miaka mingi, nyie ndo wa kwanza.

Sikio halina kosa, ila sikio halikai peke yake, liko kwenye kichwa, na kichwa kinajua bei. Alafu kuna mambo mawili yanadanganya hata mtu makini. La kwanza ni ukubwa wa sauti, ukiongeza sauti kidogo tu, chini ya desibeli moja, mtu hasikii kwamba imepanda, anasikia kwamba imekuwa nzuri zaidi, safi zaidi, kwaiyo kulinganisha lazima sauti ziwe sawa kabisa kwa kipimo, sio kwa kukadiria na kitufe cha volyumu. La pili ni wewe mwenyewe kuinuka. Sauti ya hezi 10,000, yaani mitetemo 10,000 kwa sekunde, zile za upatu na marakasi, wimbi lake lina urefu wa sentimita tatu na nusu hivi, sasa we umeinuka umeenda kubadilisha waya umerudi umekaa, kichwa chako kimerudi palepale? Umekaa sentimita 10 pembeni na umeegemea mto mwingine, tayari trebo ni nyingine kabisa, na waya haina habari.

Hii biashara ya waya za gharama sio ya siku nyingi sana. Zamani huko Marekani watu walikuwa wanafunga spika kwa waya za taa za mezani na maisha yanaenda. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akatokea Noel Lee, injinia wa San Francisco na mpiga drams pia, akaanzisha Monster Cable, akawauzia watu waya nene ya spika kwa jina na boksi. Na mi namheshimu, maana kwenye unene alikuwa ameshika jambo la kweli, waya ya taa kwenye umbali mrefu inakula mziki. Shida ni waliofuata, unene ukaisha maana wakaanza kuuza fedha, dhahabu, mwelekeo wa waya. Fedha inaipita shaba kwa kupitisha umeme kama asilimia 6 tu, yaani ukinunua waya ya shaba nene kidogo tu umeshaifikia fedha na chenji inabaki ya samaki. Dhahabu yenyewe inapitisha vibaya kuliko shaba, faida yake ni moja tu, haishiki kutu, ndo maana inapakwa kwenye pini. Kwa watu wa chumvi kama sisi hiyo naikubali, pini ya dhahabu sawa, waya ya dhahabu hapana.

Mwaka 2007 kulikuwa na mzee wa mazingaombwe, James Randi, ambaye alikuwa ameweka dola milioni moja kwa mtu yeyote atakayeonyesha muujiza mbele ya macho ya watu. Akaona waya ya spika inauzwa dola 7,250, jozi ya mita tatu na kitu, akasema huo nao muujiza, atakayeweza kuitofautisha na waya ya kawaida bila kuangalia achukue hela. Mwandishi mmoja maarufu wa mambo ya hi-fi akasema niko tayari. Wenye waya wakajitoa, maneno yakawa mengi kila upande, jaribio halikufanyika mpaka leo. Mi ningekuwa na waya ya dola 7,250 na mtu anatoa milioni, ningelala mlangoni kwake.

Lakini msitoke hapa mkasema fundi kasema waya zote sawa, ntawakana. Kuna sehemu moja waya ndogo inabadilisha sauti kweli, hata nyuma ya kanga mngeisikia, na inawahusu nyie hasa watu wa santuri. Ile katriji yenye sindano, hizi za kawaida za sumaku inayotembea, ndani ina koili yenye mizunguko mingi sana, na waya inayotoka pale kwenda kwenye amplifaya yenyewe ni kapasita, yaani kitu kinachoshika umeme kidogo ndani yake, uzi wa katikati na ule wavu wa nje vinatazamana, kila mita moja ni kama pikofaradi 100, ndo kipimo cha kapasita, nyingine zaidi. Koili na kapasita vikikutana vinatengeneza mlio wao, ni kama kengele. Waya ikiwa fupi kengele inalia huko juu kwenye hezi 16,000 ambako wazee wengi hapa, samahanini, hatufiki. Ukiweka waya ndefu au yenye kapasita kubwa, ikafika pikofaradi 500, kengele inashuka mpaka hezi 10,000, hapo zeze na sauti za kina mama wa taarabu zinakuwa kali za bati, alafu juu ya hapo zinakatika kabisa kama zimefunikwa sufuria. Watengenezaji wengi wa katriji wanaandika kwenye karatasi wanataka pikofaradi ngapi, nyingi zinataka kati ya 150 na 300, hesabu ya waya pamoja na ya amplifaya yenyewe. Kwaiyo waya ya santuri iwe fupi, mita moja, na iwe na wavu mzuri. CD, simu, kompyuta, havina tabia hiyo, vinasukuma kwa nguvu, waya ya mita 2 haviisikii.

Na mvumo. Ule ngrrrrrr wa hezi 50 au 100. Watu wanabadilisha waya tatu nne kwa ajili ya mvumo. Kama wavu wa RCA umekatika kwenye pini, sawa, waya mpya itatibu, na kulehemu pia kungetibu. Lakini mara nyingi mvumo unatoka kwenye vitu viwili vyenye ethi mbili tofauti, ile waya ya usalama inayoenda ardhini, amplifaya iko soketi hii, televisheni na king'amuzi na waya ya dishi viko soketi ile, umeme unapata kanjia kake ka kuzunguka kwenye waya zako za mziki. Weka vyote kwenye ekstensheni moja kwanza. Na hapa niwaambie kitu kinaniuma, hii tabia ya plagi ya pini mbili kuisukumizia kwenye soketi ya pini tatu kwa kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu. Kila nyumba ninayoingia kuna kalamu ya biki imekaa ukutani. Inachezacheza, inapiga cheche, spika zinakwaruza, alafu mwenye nyumba ananiuliza anunue waya gani. Nunua adapta baba. Na yule anayekata pini ya ethi ili kuua mvumo, huyo ataua mvumo na siku moja atajiua yeye.

Za dijitali sitakaa sana. HDMI, ile ya mwanga, zile zinabeba namba, namba zikifika zimefika, zisipofika sauti inakatika au inapiga tk tk, hakuna kufika na joto zaidi.

Sasa maswali. Kaka hapo nyuma kauliza waya ya umeme, ile ya kutoka ukutani kwenda kwenye amplifaya, kama ya gharama inasaidia. Kaka, umeme umetoka Mtera huko umekuja mamia ya kilomita kwenye nguzo, umepita kwenye waya ya ukutani aliyofunga fundi wa mtaani, alafu ile mita moja ya mwisho ndo iutakase? Kama imelegea kwenye soketi, kaza. Ikiwa inapata joto ukiishika, badilisha leo, sio kwa ajili ya mziki, kwa ajili ya godoro.

Dada kauliza Bluetooth. Dada, Bluetooth inaubana mziki kabla ya kuurusha, siku hizi inabana vizuri, lakini kama simu yako ina tundu weka waya ya oksi tu, uache betri ipumzike.

Na mzee ameuliza kama nampa ushauri gani mtu mwenye hela kidogo ya kuongeza kwenye redio yake. Zivute spika kutoka kona za ukuta, mzee, weka zulia sakafuni maana vigae hivi vya siku hizi vinarudisha kila kitu, jaribu mahali pa kukaa. Hiyo ni bure isipokuwa zulia. Ikibaki hela, sindano mpya. Waya ya 2.5 mita 10, shaba ya kweli, uje nayo nikukwangulie ncha, hela ya kukwangua utanunulia kahawa.

Chai naona inakuja. Kipande cha mchicha kimenirudia, asanteni. Betri haijarudi. Naomba kila mtu aangalie mfukoni, ile ndo betri ya remoti ya king'amuzi cha nyumbani, na saa mbili kuna taarifa ya habari.